Kivuko Kimelala Kushoto

Mume wangu Luhende aliilaani kazi yake kwa miaka ishirini na saba, nami nikamwamini. Hilo lilikuwa kosa langu, na nalitaja mapema ili mtu asije akasema huko mbele kwamba najitetea. Kila alipokuja nyumbani Igoma kutoka Kigongo, kabla hata hatujasalimiana sawasawa, alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango, anavua viatu vyake vizito kimoja kimoja, anasema, "Mama Precious, hii kazi ni ya punda. Zamu ijayo siendi." Zamu ikifika, anakwenda. Mara mbili tu katika ndoa yetu alikaa kwenye ile ngazi akavua viatu kimya, na mara zote mbili alipopimwa alikutwa na malaria.

Kazi yenyewe ilikuwa kupakia magari kwenye kivuko. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka jana, mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita ilimbidi afike Kigongo, akae kwenye foleni, avushwe na kivuko mpaka Busisi. Luhende ndiye aliyekuwa anasimama kwenye lango la kivuko, pale bati zito linaposhuka juu ya zege, kizibao cha kung'aa mwilini na filimbi shingoni, anaita gari moja moja na kulionyesha mahali pa kulala. Walikuwa wanasema hivyo, gari linalala. Mzani hakuwa nao. Aliangalia matairi yalivyokaa na springi zilivyobonyea, akajua hili lina saruji, lile lina ndizi, na lile jingine dereva anasema ni mashudu lakini chini ya mashudu kuna nondo. Zito aliliweka katikati, mabasi pembeni, magari madogo yakaziba nafasi, na kivuko kikaondoka kimekaa sawa juu ya maji. Kikilala upande hata kidogo, yeye aliona kabla nahodha hajaona.

Gari lenye jeneza lilikuwa halikai foleni. Alilipitisha mbele ya wote, akaliweka karibu kabisa na lango la mbele ili kule ng'ambo litoke la kwanza, kisha akavua kofia akaishika mkononi mpaka kivuko kilipoachana na ufukwe. Hakuna aliyemwagiza avue kofia. Wenzake walimwiga tu, na mwisho ikawa ndiyo desturi ya pale.

Haya yote sikuambiwa na yeye. Yeye nyumbani alileta malalamiko tu. Madereva wa malori hawasikii. Abiria wakiambiwa washuke kwenye basi watembee kwa miguu kuingia kivukoni, wanajikokota utadhani wanapelekwa mahakamani. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaingia mdomoni kila mtu akifungua kinywa. Jua la Kigongo linachoma mpaka ndani ya kofia. Akimaliza malalamiko anakula, analala, na asubuhi anaanza upya kabla ya chai.

Kazi yake niliiona kwa macho yangu siku moja, Precious akiwa darasa la tatu, nilipokwenda kwenye msiba Sengerema bila kumwambia nitavuka saa ngapi. Nilisimama kati ya abiria, khanga kichwani, hakuniona. Alikuwa anamrudisha nyuma dereva wa semi-trela. "Leta, leta, leta. Kata kulia. Nyoosha. Leta kidogo. Tosha!" Kati ya lile trela na ukuta wa kivuko ungepitisha kiganja, si zaidi. Akalipiga bodi mara mbili, taratibu, mtu anavyompiga ng'ombe wake akishamaliza kumkamua, kisha akageuka kuita jingine. Sura aliyokuwa nayo sikuwa naijua. Nilikuwa nimeishi na mwanaume huyu miaka kumi, na sura ile haikuwahi kuingia nyumbani kwangu. Nikaona wivu, nasema kweli, nikaona wivu na lori. Wiki iliyofuata akaja, akakaa kwenye ngazi, akasema kazi ya punda, nami nikaamua kuamini nilichosikia na kuacha nilichoona, kwa sababu kilinifaa zaidi.

Sasa na mimi nijieleze. Naitwa Teodora, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na watu wa Igoma wananijua kama fundi anayeimba. "Nenda kwa mama Teodora," wanaambiana, "yule anayeipenda kazi yake mpaka anaimba." Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kunitolea mfano mbele ya wanafunzi wake, eti watoto, tafuteni kazi mtakayoipenda kama mama huyu. Nikasimama pale nikatabasamu, na suruali arobaini zinanisubiri nyumbani.

Cherehani sikipendi. Sijawahi kukipenda hata siku moja.

Nilizaliwa Magu, upande wa ziwani, na nilipokuwa msichana watu wa kwetu walikuwa wanalima kwa ngoma. Leo ukisema hivyo watu wanafikiria wacheza ngoma wa kwenye sherehe, wenye mashati ya kufanana. Ile ilikuwa kazi. Watu ishirini, thelathini, wanakuja kwenye shamba la mtu, wanapanga mstari, mpiga ngoma anatangulia mbele yao kinyumenyume, na majembe yanapanda na kushuka kwa mlio mmoja. Kuna mahali kwenye wimbo jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa, linaingia ardhini, na hakuna anayepoteza hatua. Nilipofika miaka kumi na sita mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo upande wa wanawake. Jioni mgongo uliuma na viganja viliwaka, na bado nililala nikitamani kukuche. Sijawahi kutamani kukuche kwa ajili ya kola ya shati.

Baba yangu aliona jembe si maisha. Akanipeleka kwa masista nikajifunze kushona, akijua ananitendea wema, na nisiwe mtovu wa shukrani, cherehani hicho kimemsomesha Precious mpaka akawa muuguzi. Lakini nyimbo ninazoimba nikishona ni zile za jembe. Mguu unakanyaga, sindano inashuka, nami najifanya nipo kwenye mstari na wenzangu na udongo umelowa. Watu wakipita nje wanasema sikia anavyoipenda kazi yake. Nimewaacha waseme, miaka thelathini na zaidi.

Mama yangu aliniachia shamba, pale pale Magu, si kubwa, lakini udongo wake mweusi. Nilikuwa na mpango ambao sikumwambia mtu yeyote. Luhende akistaafu nitafunga cherehani, tutakwenda wote wawili kulima. Hakuna ngoma siku hizi, najua, lakini nitaimba mwenyewe na yeye ataitikia, ana sauti mbaya lakini ataitikia. Nimeishi na mume wa siku nne kwa mwezi tangu nikiwa kijana. Nilimtamani hata akiwa amekaa mbele yangu, kwa sababu nilijua kesho kutwa anaondoka. Nilitaka mume wa kila siku, na nilitaka aje anitoe kwenye kile kiti.

Daraja lilipofunguliwa, wafanyakazi wa kivuko waliulizwa nani anataka kuhamishwa na nani anataka kustaafu kwa hiari. Luhende alikuwa na miaka hamsini na sita. Akaja nyumbani kuniuliza. Nilimjibu upesi, maana jibu nilikuwa nimekaa nalo mdomoni muda mrefu. "Baba Precious, si ni kazi ya punda? Mwache punda apumzike." Akacheka kidogo, akakaa, akaandika barua. Kuhusu Magu sikumwambia bado. Nilisema moyoni acha apumzike kwanza, mpaka mvua za Machi zikikaribia.

Siku yake ya mwisho kazini simu yake ilidondoka ziwani. Aliniambia alikuwa ameinama kuangalia ubavu wa kivuko ulivyokaa majini, ikateleza mfukoni. Nikasema tununue nyingine. "Ya nini?" akasema. "Nani atanitafuta?" Wenzake aliwapa namba yangu.

Ndipo nikampata mume wa kila siku, na nieleze nilichopata. Wiki ya kwanza alisimama katikati ya sebule, akageuka polepole, akasema, "Nyumba hii imelala kushoto." Kabati, friji na magunia ya mpunga, vyote vilikuwa upande mmoja. Nikamwambia, "Baba Precious, nyumba imejengwa juu ya jiwe, haizami." Akahamisha magunia hata hivyo, na tangu siku hiyo kwenda jikoni ni lazima nipite ubavu. Kulipotokea msiba jirani, alipanga viti vya waombolezaji kwa filimbi. Ndiyo, alikuwa bado anayo. Wanene akawaambia wakae katikati ya turubai, wembamba pembeni, na watu wakakaa walivyoambiwa, maana msibani nani atabishana. Asubuhi alichukua kigoda akaenda kukaa kando ya barabara ya Musoma kuangalia malori. Akirudi ananiambia, "Leo limepita moja limezidisha nyuma, halitafika mbali." Basi, hiyo ndiyo habari ya siku nzima.

Lakini jambo lililonitisha ni kwamba alikuwa halalamiki. Umeme ukakatika siku mbili, akanyamaza. Chai ikapoa, akainywa. Nikamjaribu makusudi, Mungu anisamehe, nikamwaga chumvi kwenye sato mpaka hata mimi sikuweza kumeza, naye akala wote akasema asante mama. Nikampeleka akapimwe. Malaria hakuna. Presha ya kawaida. Daktari akasema mzee yuko vizuri, nami nikatoka pale nikiwa na hofu kuliko nilivyoingia.

Nestory alipiga Januari, siku ya Jumatatu. Huyu alikuwa msimamizi wao kule kivukoni, mtu wa adabu sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Nestory. Hamjambo?"

"Hatujambo mama. Mzee yupo? Kivuko chetu kinapelekwa visiwani, Jumamosi asubuhi tunaondoka nacho. Watu wa huko hawajawahi kupakia kivuko kikubwa hivi. Wakubwa wamekubali mzee apewe mkataba wa miaka mitatu, apakie na afundishe. Mwambie anijibu kabla ya Ijumaa jioni. Akikataa tutatafuta mwingine, lakini mama, kusema kweli hatumjui mwingine."

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, na Januari ni mwezi wa sare, vitambaa vya bluu vimejaa mpaka mlangoni. Luhende alikuwa anaingia na kigoda chake kutoka barabarani. Akauliza, "Nani huyo?"

"Mzazi," nikasema. "Anaulizia sare."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Nisingesema haya kama yasingekuwa kweli: sikujuta siku hiyo. Nilikasirika. Nilimkasirikia Nestory na adabu zake, nikakasirikia visiwa, nikakasirikia hata daraja, kwamba lilinipa mtu na sasa linataka kumrudisha. Miaka mitatu! Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, magoti yangu yameanza kusema, na shamba la mama haliwezi kunisubiri mpaka nishindwe kuinama. Nilijiambia kwamba nikinyamaza mpaka Jumamosi, kivuko kitaondoka, na mambo yataisha yenyewe. Nikaimba kwa nguvu siku hiyo mpaka Odeta wa duka la jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani.

Jumatano tulikuwa na safari ya kwenda Sengerema kumwona Precious, aliyekuwa amejifungua wiki tatu nyuma. Tukapanda basi Nyegezi asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza Luhende kupita kwenye daraja. Miezi yote ile alikuwa na visingizio, mara mguu, mara mvua, lakini mjukuu ni mjukuu.

Tulipopita Usagara akaanza kutulia kwa namna isiyo ya kawaida. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akavuta begi kutoka chini ya kiti akaliweka magotini. Basi likafika mwanzo wa daraja, dereva akapunguza mwendo kwenye tuta, na mume wangu akasimama, akaita kwa ile sauti niliyoisikia mara moja tu maishani:

"Haya abiria, tushuke wote, tunatembea kwa miguu! Wagonjwa na wenye watoto wachanga wabaki!"

Na watu wakasimama. Nusu ya basi, wallahi. Wazee wote, na wamama wenye vikapu, watu waliovuka pale maisha yao yote. Bibi mmoja mbele yetu alikuwa ameshabeba kuku wake na anasukuma watu kuelekea mlangoni, analalamika kwa Kisukuma kwamba hawasogei. Konda akapiga kelele, "Jamani, jamani, kuna daraja! Mnashuka mwende wapi, majini?" Basi zima likaangua kicheko. Waliosimama wakajicheka wenyewe, wakakaa, yule bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Hata mimi nilicheka.

Luhende hakukaa. Aliendelea kusimama, ameshika kiti cha mbele, anaangalia chini upande wa dirisha. Nikafuata macho yake. Kule chini, kwenye zege la zamani, kivuko kilikuwa kimefungwa peke yake, hakuna foleni, hakuna mtu. Kutoka kule juu kilikuwa kidogo sana. Basi likakaza mwendo, na kabla hajaamua kukaa tukawa tumefika Busisi.

"Tumeshavuka?" akaniuliza.

"Tumeshavuka."

"Hata maji sijayaona vizuri," akasema, akakaa, begi magotini, akaliweka hivyo hivyo mpaka Sengerema.

Kwa Precious alimbeba mtoto, akamwinua mara moja, akasema, "Kilo nne na robo." Precious akachukua kadi ya kliniki, akatuonyesha, kilo nne na robo. Tukacheka. Lakini baadaye, tukiwa jikoni tunapika uji, binti yangu aliacha mwiko akaniangalia usoni.

"Mama, baba anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Tangu amefika hajalalamika hata kidogo. Nimempa kiti kibovu makusudi. Amekaa tu."

Nikamwambia baba yake amechoka na safari. Nikaendelea kukoroga uji, na nikajua ninachokoroga. Mimi mtu alinitoa kwenye kazi niliyokuwa naitamani hata usingizini, kwa wema kabisa, akanikalisha kwenye kiti. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nami nilikuwa nimemfanyia Luhende jambo lile lile, kwa mapenzi, na kigoda chake ndicho kiti changu.

Wakati wa kurudi, alasiri ile ile, tulipomaliza tu daraja, Luhende akamwambia konda tushushe hapa. Hakuniuliza mimi. Tukashuka Kigongo, tukateremka kwa miguu mpaka kwenye zege. Vibanda vya mayai na samaki wa kukaanga vilikuwa vitupu, vingine vimeezuliwa mabati. Mbuzi wawili walikuwa wamelala mahali malori yalipokuwa yanapanga foleni. Mume wangu akasogea mpaka karibu na maji, akasimama pale pale alipokuwa anasimama, nikajua ni pale kwa sababu miguu yake ilipatafuta yenyewe.

"Kimelala kushoto," akasema.

Mimi sikuona kitu. Kwangu kivuko kilikuwa sawa kama meza.

"Wameweka mapipa yote ya mafuta upande mmoja. Angalia lile lango. Kikiondoka hivi kitawasumbua. Nani kawaambia waweke hivyo?" Sauti ikaanza kupanda. "Watu gani hawa wasioweza hata kuuliza? Mtu unachomwa na jua miaka yote unawafundisha, uzito kwanza, nafasi baadaye, uzito kwanza, halafu ukigeuza mgongo tu wanarundika mapipa kama wanarundika viazi! Kazi ya punda hii, nilisema mimi, kazi ya punda!"

Alikuwa analalamika. Miezi minne sikuwa nimeisikia ile sauti, na pale ufukweni nilitaka kulia kwa furaha na kwa hasira kwa wakati mmoja. Nikasema kabla ujasiri haujaniishia.

"Nestory alipiga simu."

Akageuka.

"Kivuko kinakwenda visiwani Jumamosi. Wanakutaka wewe. Miaka mitatu, upakie na ufundishe. Anasubiri jibu mpaka keshokutwa jioni."

"Alipiga lini?"

"Jumatatu."

Akafikiri. "Yule mzazi wa sare."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mama Precious?"

"Kwa sababu nimechoka kukaa bila wewe," nikasema. "Nimekutamani tangu nina miaka ishirini na tano, na nilipokupata nilitaka ubaki. Basi. Sina sababu nyingine ya heshima zaidi."

Luhende akavua kofia, akaishika mkononi. Akageuka kuangalia maji. Nilidhani atanigombeza, na ningekubali.

"Lakini kazi hii mimi siipendi," akasema. "Unajua."

"Baba Precious, acha uongo. Nilikuona. Siku ya msiba, mwaka ule Precious yuko darasa la tatu, nilisimama na abiria nikakuona na lile trela. Kwa nini ulinidanganya miaka yote hii?"

Akaizungusha kofia kwenye vidole. "Ningesemaje? Wewe uko Igoma peke yako na mtoto, mimi nakuja siku nne kwa mwezi. Nikae kwenye ngazi ya nyumba yako nikuambie kwamba huko nilikokuacha ndiko ninakofurahi? Mtu mwenye akili anasema hivyo kwa mkewe?"

Nilimwangalia tu, huyu mzee wangu mwenye kifungo cha juu kimefungwa, na nikampenda mpaka ikaniuma. Miaka ishirini na saba alikuwa ananifariji, na mimi nilidhani ananung'unika.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si baba yangu, si masista, si yule mwalimu mkuu.

"Na wewe je? Cherehani. Unakipenda kweli?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Shamba, udongo mweusi, Machi, sauti yake mbaya ikiniitikia. Ningesema neno moja tu angebaki. Namjua, angebaki, na angekula samaki wa chumvi mpaka kufa bila kulalamika. Nyuma yake kivuko kilikuwa kimelala kushoto, hata mimi sasa nilianza kuona.

"Si unanisikia ninavyoimba?" nikasema. "Mtu asiyeipenda kazi yake anaimba?"

Uso wake ukafunguka. "Kweli," akasema. "Wewe una bahati, Mama Precious. Kazi unaipenda, na unakaa nayo nyumbani."

Akaniomba simu. Nikampa. Akampigia Nestory, na neno la kwanza alilosema, kabla ya salamu, lilikuwa kuhusu mapipa.

Jumamosi aliondoka alfajiri ikiwa imeshakuwa nyeupe. Alikaa kwenye ngazi ya mlango kuvaa vile viatu vizito, na safari hii nilikaa pembeni yake. "Kazi ya punda hii," akasema akifunga kamba, lakini macho yake yalikuwa yanacheka, na hakujaribu kuyaficha. Nikamwambia, "Nenda, punda, wanakusubiri." Alikuwa amerudisha magunia ya mpunga mahali pake pa zamani, bila mimi kumwomba.

Nilijua nikisimama mlangoni atageuka, na akigeuka ataniona usoni. Kwa hiyo nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti changu, nikavuta kitambaa cha bluu, nikaanza kuimba. Nilichagua ule wimbo tuliokuwa tunauimba Magu shamba likiisha, watu wanabeba majembe mabegani wanarudi nyumbani, wimbo wa kutembea. Kupitia dirishani nikaona hatua zake zinaushika mlio, mguu kwa mguu, begi begani, mpaka akafika barabarani. Hakugeuka.

Odeta alikuwa anafungua duka lake. Akaja akaegemea dirisha langu.

"Shikamoo mama. Saa hizi tu umeshaanza? Jamani, wewe kazi hii unaipenda."

"Marahaba," nikamjibu, nikavuta suruali nyingine.